Jina la Mtoto wa Pili

Siku ya kumaliza kilio cha yaya yangu Rejina, dada yangu mkubwa, wazee wa familia walinikalisha kwenye kiti katikati ya uwanja wake wa Katindo, mjini Goma, wakamwita binti yake Kavira aje apige magoti mbele yangu. Ni desturi yetu: dada wa marehemu akiwepo, mtoto hahesabiwi yatima. Mdogo wa mwisho wa baba yetu, mzee ambaye siku hizi husikia kwa sikio moja tu, alisimama akiegemea fimbo yake. "Kavira," alisema, "mama yako amelala. Ila huyu hapa wametoka tumbo moja. Ukiwa na furaha, leta kwake. Ukiwa na machozi, leta kwake. Tangu leo huyu ndiye mama yako." Watu wakapiga makofi. Kavira ni mwanamke mzima, muuguzi, mwenye watoto watatu na mvi chache anazozificha chini ya kitambaa. Alinishika mikono yote miwili, mimi mama yake mdogo, na kusema, "Tantine, sasa nitakuita mama." Nikajibu, "Aksanti, mwanangu." Nyuma yangu mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Ona vile analia, muzee wa watu. Alimupenda sana dada yake huyu." Ni kweli, nilimpenda. Lakini machozi yale hayakuwa yake.

Kavira nilimzaa mimi. Naandika hivyo waziwazi mapema, kwa sababu nimelizunguka neno hilo miaka mingi na miguu yangu imechoka. Kurasa hizi atazisoma yeye kwanza. Asipokubali, hazitatoka kwenye droo yangu. Kwa hiyo wewe unayezisoma, ujue kwamba amekubali, na kwamba yale tuliyoambiana naye si ya kuandikwa. Baba yake simtaji. Alikwenda Kisangani kabla mtoto hajazaliwa, na mengine yake anayajua Mungu. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha ng'ambo ya mpaka, kwa sababu katika mwaka huo nilipoteza kitu ambacho hakuna aliyekuja kuninyang'anya.

Lazima nieleze kidogo habari za majina, la sivyo msomaji asiye Mnande hatanifuata. Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu yake katika tumbo la mama yake. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Mtoto akifa, anakwenda na jina lake; anayefuata hachukui nafasi yake, anaendelea tu na hesabu. Ukiambiwa jina la mtu, umeshajua mama yake alizaa mabinti wangapi kabla yake, wazima na wafu. Yaya Rejina alikuwa Masika wa mama yetu, nami nilikuwa Kavira, ingawa mjini watu waliniita Mwalimu. Yaya alikuwa ameolewa miaka saba na Silvano, dereva wa malori ya Butembo, na alikuwa amezaa mara moja tu, msichana aliyeishi siku mbili. Huyo alizikwa akiwa Masika. Na binti niliyemzaa mimi, mtoto wangu wa kwanza, naye kwa haki yake alikuwa Masika. Alikuwa na miaka mitatu, hajabatizwa, mwezi ule wa kwanza nilipofunga sanduku langu.

Kwa nini hakuwa amebatizwa? Parokia yetu ya wakati ule ilikuwa na benchi moja la nyuma, upande wa wanawake, karibu na mlango. Msichana aliyezalia nyumbani alikaa pale miezi sita, kila Dominika, na kila Jumamosi alifika mafundisho ya toba. Ndipo mtoto wake alipobatizwa, siku ya kazi, bila nyimbo. Silaumu. Sheria zile zilikuwa za wakati wake, na padri tuliyekuwa naye alikuwa mtu mpole ambaye alipita kwenye benchi lile akitusalimia mmoja mmoja kwa majina. Lakini mimi nilikuwa mwalimu, na wanafunzi wangu walikaa mbele na kugeuza shingo kama kuku. Nilivumilia Dominika tano. Kisha nikasikia kwamba masista wa shule moja karibu na Kasese, Uganda, wanatafuta mtu wa kufundisha Kifaransa, nikaandika barua siku ileile. Kwa watu wote nilisema naenda kumtafutia mtoto maisha. Yaya alinitazama nikikunja nguo, mtoto amelala mgongoni mwake.

"Unakimbia benchi," alisema.

"Ninaenda kazi."

"Kazi iko hata hapa Goma."

"Yaya, mwaka mmoja tu."

Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Aya, enda. Mutoto atabaki na mimi. Ila usikawie. Mutoto iko kama makala, anayepuliza ndiye anayeota moto."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kunisindikiza tu.

Shule ile ilikuwa nzuri. Nasema hivyo kwa shukrani, kwani pale nilijifunza kazi yangu. Chumba changu kilikuwa mwisho wa nyumba ya walimu: kitanda cha chuma, meza iliyowekewa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, msalaba, na dirisha lililotazama milima ya Ruwenzori. Milima ileile niliyoiona utotoni kutoka Beni, sasa niliiona mgongo wake. Wapishi walikuwa Wakonzo, na lugha yao na yetu ni maji ya kisima kimoja. Siku ya kwanza mpishi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya katekista, aliniuliza mimi ni wa ngapi. Nikasema wa pili. "Basi wewe ni Biira!" alipaza sauti jikoni kote. "Huku Kavira ni Biira. Mwekeeni Biira mchuzi wa karanga, huyu ni mtu wa nyumbani." Tangu siku hiyo ndizi zangu zilizama kwenye mchuzi kuliko za walimu wengine, na wao walinitania kwamba nimevuka mpaka ili nije kula. Hapakuwa na aliyenigeuzia shingo pale. Dominika nilikaa benchi la tatu kutoka mbele, na mara ya kwanza nilipokaa nilishusha pumzi kwa nguvu hata sista mmoja akanitazama.

Mwaka wa shule wa Uganda si kama wetu. Kwetu unaanza mwezi wa tisa na kuisha mwezi wa saba. Kule unaanza mwezi wa pili na kuisha karibu na Noeli. Kwa hiyo nyumbani walipopumzika mimi nilikuwa katikati ya kazi, na barua za yaya zilinikuta nasahihisha. Zilikuja mikononi mwa wafanyabiashara wa Butembo, zimekunjwa ndogo kama dawa. Mtoto anakula. Mtoto ameanza kuimba. Mwezi wa sita: tumehama, Silvano amepata nyumba Katindo, kiwanja ni kikubwa ila majirani hatujawajua bado. Kisha, mwisho wa mwezi wa saba, barua fupi ambayo herufi zake zilikuwa zimelala upande: surua imeingia mtaani, watoto wawili wa jirani wamezikwa, wako ana homa siku ya nne. Njoo.

Niliipeleka barua kwa sista mkuu. Alikuwa mwanamke mrefu ambaye hakupoteza maneno. Aliisoma, akainua macho. Kwake peke yake nilikuwa nimesema ukweli juu ya mtoto, siku aliponiajiri, na hakuwahi kuutumia dhidi yangu.

"Nenda," alisema. "Wiki mbili, tatu. Nitashika darasa lako mwenyewe, ingawa Kifaransa changu ni cha kuombea maji tu."

"Sista, wasichana kumi na mmoja wanafanya mtihani wa taifa. Ni mara ya kwanza shule hii inapeleka watu kwenye Kifaransa."

"Wasichana kumi na mmoja wana mama zao," alisema.

Nilisimama pale mbele ya meza yake na kumweleza kuhusu mtaala, kuhusu imla, kuhusu msichana mmoja ambaye bado alichanganya nyakati zote za vitenzi. Nilisema kwamba yaya yangu ni mtu wa kutegemewa, na kwamba homa ya siku nne labda imeshashuka barua ikiwa njiani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa, Madamu," alisema, akanirudishia barua. Niliita jambo lile uaminifu kwa kazi, na niliomba rozari nzima jioni ile kwa ajili ya mtoto, na nililala. Hata likizo fupi ya mwezi wa nane nilibaki, nikawafundisha wale kumi na mmoja chini ya veranda. Leo nikimwambia padri wangu kisa hiki, huniuliza nilichoogopa. Niliogopa barabara, nasema. Lakini ninajua kwamba niliogopa kurudi Goma kabla ya kuwa na kitu cha kuonyesha, na kukuta benchi bado linaningoja.

Barua iliyofuata ilifika mwezi wa tisa. "Mtoto amepona, Mungu asifiwe. Amebatizwa. Mengine tutasemezana ukifika." Nililia kwa furaha, na mpishi mkuu alinipa yai. Sikujiuliza amebatizwa vipi bila mimi kumaliza miezi sita yangu. Mtu aliyesamehewa deni haulizi sana.

Wasichana walifanya mtihani wao. Siku ya kufunga shule waliniimbia, wakanipa kitambaa cheupe ambacho walikichangia, na fundi wa mjini akakishona kuwa gauni la mtoto. Nilinunua na viatu vyeusi vyenye kifungo, kwa kutumia uzi niliopimia mguu wake siku niliyoondoka. Njia ilichukua siku tatu: Kasindi, Beni, Butembo ambako nililala kwa binamu, kisha lori la viazi kupitia Kanyabayonga na Rutshuru. Rumangabo dereva alisimama kuangalia tairi. Niliomba maji, nikanawa vumbi usoni na kubadili blauzi nyuma ya mlango wa lori, ili mtoto wangu asinikute nimefanana na gunia. Dereva alinitania, "Mwalimu, unaenda kuolewa?" Nikamwambia ninaenda kwangu.

Katindo niliuliza nyumba ya Silvano dereva, nikaelekezwa njia ya kambi ya jeshi. Ilikuwa nyumba ya mbao juu ya mawe meusi kama zote za mji wetu, na mlangoni msichana mdogo alikuwa amekaa na ungo, anachagua maharagi. Shingo yake niliijua. Vidole nilivijua, hata namna ya kutupa jiwe dogo pembeni bila kutazama. "Masika!" niliita. Akaendelea kuchagua. Nikasogea. "Masika!" Akainua kichwa, akanitazama mimi, kisha akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.

Mwanamke aliyekuwa akianika nguo uwanja wa pili aliniita. "Mama, unatafuta nani? Hapa hakuna Masika. Huyu ni Kavira, mutoto wa Mama Kavira."

Nilidhani yaya amechukua mtoto mwingine wa kulea. Nilifikiri hivyo kweli, muda wa kuvuta pumzi mbili, huku nikitazama kovu dogo juu ya jicho la kushoto ambalo nililiosha mimi mwenyewe kwa maji ya chumvi. Mtoto aliweka ungo chini kwa adabu, akaingia ndani, akarudi na beseni na jagi la maji, akainama mbele yangu. "Karibu, mugeni," alisema. "Nawa mikono." Nikanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya baridi, naye aliyamimina polepole kama alivyofundishwa, asinilowanishe nguo. Yaya alitoka jikoni, unga wa bugali mpaka viwikoni. Alipoona mikono yangu juu ya beseni alisimama. "Kavira," alisema, na sisi wawili, mimi na mtoto, tukaitika pamoja.

Siku ile tulikula bugali na sambaza, na yaya aliniwekea mimi samaki wote wakubwa. Silvano aliuliza njia imekuwaje, na viazi vya Butembo ni bei gani, na mvua, na tairi. Mtoto alikaa ameegemea bega la yaya, akila kutoka mkononi mwake, ingawa alikuwa na sahani yake. Viatu havikumwingia. Yaya alijaribu kuvisukuma, akakunja vidole, mtoto akacheka kwa maumivu. "Miguu yao inakimbia," alisema yaya. "Tutapasua kwa nyuma kidogo." Gauni lilimtosha kwa sababu fundi alikuwa ameacha pindo.

Kesho yake mchana tulitwanga sombe, majani ya mihogo, nyuma ya nyumba, kila mtu na mchi wake katika kinu kimoja, na pale ndipo aliponieleza, kati ya pigo na pigo. Mtoto alikuwa amekwenda na Silvano kuchota maji ziwani.

"Siku ya sita ya homa nilimubeba mpaka parokia hii ya hapa. Iko karibu. Kule kwetu ni mbali, angekufia njiani. Katekista alikuwa na watu wengi, surua ilikuwa inamaliza watoto. Akafungua kitabu. Akauliza, 'Mama wa mutoto ni nani?' Mutoto iko mugongoni kwangu, moto kama chungu. Nikasema, 'Ni mimi.'"

Nilitwanga.

"Ningesema nini, Kavira? Ningesema mama iko Uganda? Angeniuliza karatasi ya kumaliza benchi."

"Endelea."

"Akauliza ni wa ngapi. Nikamukumbuka yule wangu wa siku mbili. Ningesema wa kwanza, ningemufuta yule kama hakuzaliwa. Nikasema wa pili. Akaandika Kavira." Alisimamisha mchi. "Si ni jina lako? Kila nikimuita ninakutaja."

"Mimi sikukuomba unitaje."

"Nilikuandikia uje," alisema.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekukumbusha chumvi. Nimesikia mahubiri mengi juu ya hukumu ya mwisho, na ninaamini itafanana na sauti ile.

Baadaye akanieleza yaliyobaki. Majirani wapya walimwona akitoka parokiani na mtoto mgongoni, wakamwita Mama Kavira, naye hakuwasahihisha siku ya kwanza, na siku ya pili ilikuwa vigumu zaidi. Silvano alijua yote na hakusema neno. Kisha habari zikapanda na malori mpaka Butembo, ambako ndugu zetu hawakuwahi kuambiwa kwamba mimi nimezaa, kwa mama yake Silvano, ambaye kwa miaka minne miguu mibaya ilikuwa imemzuia kushuka Goma. Kikongwe yule alikuwa ameandika kila mwaka kwamba mwanawe aoe mwanamke mwingine, mwenye kuzaa. Sasa aliandika kwamba anakuja kula Noeli na mjukuu wake. "Ngoja aje, aende," yaya aliniambia, akinishika kiganja kilichojaa majani. "Akienda tu, sisi wawili tutakwenda kwa katekista. Nitapiga magoti, nitasema nilidanganya. Atafuta. Mutoto atarudi Masika wako. Ninakuapia kaburi ya mama."

Niliamini, na bado ninaamini kwamba alikusudia hivyo. Tangu siku ile kazi yangu ilikuwa kungoja. Niliitwa tantine, nikaitika. Nilimfundisha mtoto kuhesabu maharagi kwa Kifaransa, naye alikuwa mwepesi. Aliniambia siri za nyumba: mahali mama anapoficha sukari, wimbo baba anaouimba akijinyoa. Nilitabasamu kila aliposema mama, na taya liliniuma jioni kama nimetafuna miwa.

Kikongwe alifika siku mbili kabla ya Noeli, kabebwa kutoka kwenye lori kama kiti. Alikuwa mcheshi, mkali, mwenye meno matatu na maoni juu ya kila kitu. Alimpakata mtoto siku nzima. "Pua ni ya kwetu!" alisema, na sote tukakubali kwamba pua ni ya kwao. Akanigeukia. "Na wewe Mwalimu? Unafundisha watoto wa Uganda, wa kwako utawafundisha lini? Angalia dada yako, alingoja, akapata." Yaya aliangusha kijiko. Mimi nilisema Mungu ana wakati wake.

Asubuhi ya siku iliyofuata Noeli, baada ya misa, nilikuwa chumbani nakunja nguo. Kuta za mbao hazifichi kitu. Upande wa pili kikongwe alikuwa akinywa chai na mwanawe.

"Silvano, sasa nikuambie. Nilikuwa nimekuchagulia binti kule Butembo. Baba yake alishakubali. Nilishuka na neno hilo mdomoni, nilitaka uende naye mwezi wa pili, na huyu Rejina arudi kwao."

Kijiko kilizunguka kikombeni.

"Lakini nimeona mutoto. Nimeona mwanamuke wako anavyomushika. Nikirudi nitamwambia baba wa yule binti asitungoje. Mwanamuke mwenye kukupa Kavira atakupa na mwingine. Nimesema uongo?"

Nilikuwa nimeshika gauni jeupe, limelowa kwapani kwa jasho la mtoto aliyecheza siku nzima.

"Hapana, mama," alisema Silvano. "Haujasema uongo."

Nilikwenda parokiani siku ya tatu, peke yangu, bila kumwambia yaya. Nilijiambia sina haja ya kumngoja apige magoti; mama ni mimi, kinywa ninacho. Katekista alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, mtu mwema. Nikamwomba anionyeshe ubatizo wa mwezi wa saba. Alipitisha kidole ukurasa mzima wa watoto wa surua, na kwa baadhi yao pembeni palikuwa na msalaba mdogo wa wino, maana hawakupona. Akafika. Kavira. Mama: Rejina. Wino ulikuwa mzuri, mwandiko wa mtu asiye na haraka.

"Kuna kosa?" aliuliza.

Niliwaza binti wa Butembo ambaye sikumjua jina, na sanduku la yaya mlangoni. Niliwaza benchi. Nitakuwa mwongo nikisema sikuliwaza benchi. Miezi sita, na mtaa mpya wote wakigeuza shingo, na masista wakiningoja mwezi wa pili na darasa jipya la Kifaransa.

"Wewe ni nani kwa mutoto?" aliuliza tena, kwa upole.

"Ni tantine yake. Nilitaka kujua tarehe tu, nimwombee."

Akaniandikia tarehe kwenye kipande cha karatasi, nikasema aksanti. Kila Ijumaa Kuu, ikisomwa habari ya Petro na yule mjakazi kwenye uwanja wa kuhani mkuu, watu wanaonijua huona kwamba ninatazama sakafu. Hudhani ni ibada.

Yaya nilimwambia jioni kabla ya kula. Nilimwambia asiende kwa katekista, kwamba nimeshakwenda na mambo yabaki yalivyo. Alikaa chini palepale kwenye majivu, akanishika miguu. Nilimwambia asimame, watu watatuona. Sikumwambia kwamba nimefanya hivyo kwa ajili yake, na namshukuru Mungu kwamba angalau uongo huo sikuuongeza. Maishani mwetu yote hatukulizungumza tena. Alimlea vizuri. Alimsomesha mpaka uuguzi, alimuoza kwa heshima, alimpigia magoti kila alipougua. Silvano hakuoa mwingine. Mungu akiniuliza kama mtoto alipata mama mwema, nitajibu ndiyo bila kusita, na nitashukuru, na uchungu utakuwa palepale ulipo.

Niliondoka mwisho wa mwezi wa kwanza. Lori lilikuwa linapakiwa ndoo na sabuni za kwenda Butembo, na yaya na mtoto walinisindikiza. Yaya alikwenda kusemezana na dereva juu ya nafasi yangu ya mbele. Mtoto alibaki amenishika kidole. Alikuwa amevaa vile viatu, vimepasuliwa nyuma, visigino nje.

"Tantine," alisema, "wewe uko na watoto huko?"

"Niko na wanafunzi."

"Si wanafunzi. Watoto wako."

Nilitazama kama yaya anasikia. Hakusikia; alikuwa amegeuza mgongo, anabishana na dereva.

"Hapana," nilisema. "Sina."

Alifikiri sana, uso umekunjana. Alikuwa ananihurumia. Kisha akaniachia kidole na kuunganisha viganja vyake, kama walivyomwonyesha parokiani.

"Basi nitakuombea kwa Mama Maria," alisema. "Akupe mumoja."

Dereva akapiga honi. Nilipanda, na kupitia kioo cha pembeni niliwaona wakipunga mikono, wamefanana kwa namna ya kupunga, mpaka lori lilipokata kona.

Barua ya kwanza ya yaya ilinikuta Kasese mwezi wa tatu, imekunjwa ndogo kama zile nyingine. Mabati ya jikoni yamevuja. Silvano amepona mgongo. Chumvi ya Uganda ni nzuri, tuma nyingine. Na mwishoni, katika nafasi finyu iliyobaki: "Mtoto anakuombea kila jioni upate mtoto. Hajakosa hata siku moja. Nimwambie aache?"

Nilimjibu mambo ya mabati, na ya mgongo wa Silvano, nikatuma chumvi. Hilo sikulijibu.